Baiskeli ya injini: Mbio hutoka katika bomba, si katika kelele

Na Mwandishi Wetu

KWA zaidi ya miaka 20 sasa, katika magereji ya nyumbani nchini Marekani, umekuwapo mchezo mmoja wa mafundi wasiolipwa. Mtu hununua boksi lenye injini ndogo ya petroli, tangi, kabureta, cheni na bomba fupi la moshi, kisha huifunga injini hiyo katikati ya fremu ya baiskeli ya kawaida.

Baada ya siku moja au mbili za kukaza nati, baiskeli iliyokuwa ikisukumwa kwa miguu hukimbia kilomita 30 kwa saa na zaidi, huku mwendeshaji akiwa ametulia juu ya kiti.

Furaha hiyo huwa ya muda. Haupiti mwezi kabla mwenye baiskeli hajajiuliza swali ambalo kila mwenye chombo cha moto hujiuliza: nitaiongezaje mbio?

Hapo ndipo penye utamu na ndipo penye hatari. Injini ya mipigo miwili ni rahisi kuifungua na kuibadili, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuiua. Fedha nyingi zinazotumika kuiongezea nguvu hupotea bure kwa kuwa mnunuzi hajui nguvu hiyo hutoka wapi. Nyingine humrudisha nyumbani na majeraha.

Somo lenyewe si geni kwa wasomaji wetu. Wazee wa Zanzibar wanazikumbuka Vespa na moshi wake wa buluu. Wavuvi wa Pwani na wa Ziwa Victoria wanazijua mashine za boti ambazo petroli yake huchanganywa na oili kabla ya safari. Na anayekata magogo kwa msumeno wa mnyororo ameshika mkononi injini ya ukoo huo huo.

Injini ndogo, namba kubwa

Injini inayofungwa kwa wingi katika baiskeli hizo hutengenezwa China, na umbo lake linafanana mno na injini za aina ya D zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli katika Umoja wa Kisovieti kuanzia miaka ya 1950. Wazo lenyewe ni la zamani hata Magharibi: Ufaransa ilianza kuuza VéloSoleX, baiskeli iliyobeba injini juu ya gurudumu la mbele, mwaka 1946, na zikatengenezwa kwa mamilioni.

Wauzaji huitangaza injini ya China kuwa ni ya cc 80. Ukiipima, hesabu inakataa. Silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni husafiri milimita 38 kutoka chini hadi juu, kwa hiyo ujazo wake ni cc 66 basi. Mdogo wake, anayeuzwa kwa jina la cc 50, ana kipenyo cha milimita 40 na ujazo usiofika cc 48.

Nguvu inayotajwa madukani huwa ya farasi 2 hadi 3. Hakuna gia za kubadilisha. Ndani ya injini, gia ya meno 20 huzungusha gia ya meno 82. Nje, sproketi ya meno 10 huvuta kwa cheni sproketi ya meno 44 iliyofungwa katika gurudumu la nyuma. Maana yake ni kwamba injini huzunguka mara 18 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Kwa gurudumu la inchi 26, ambalo mzingo wake ni karibu mita 2.07, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika baiskeli hukimbia kilomita 34 kwa saa. Ikizunguka mara 6,000 hufika kilomita 41. Inafaa kuzikumbuka namba hizo, kwani tutazirudia.

Namna inavyopumua

Injini za pikipiki nyingi za kisasa, bodaboda zikiwamo, ni za mipigo minne: pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja, na milango yake hufunguliwa na valvu. Injini ya mipigo miwili hulipua kila pistoni inapofika juu.

Kichwani haina valvu. Milango yake ni matundu yaliyotobolewa katika ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo bawabu: ikipita huyafunika, ikiondoka huyafunua.

Pistoni inapopanda, hunyonya mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kutoka katika kabureta na kuuingiza katika boksi la kranki lililo chini yake. Inaposhuka kwa nguvu ya mlipuko, hufunua kwanza mlango wa moshi, kisha matundu ya pembeni ambamo mchanganyiko mpya, uliokwisha kubanwa kule chini, hupanda kwa kasi na kuusukuma moshi nje.

Tatizo lipo hapo. Kwa muda mfupi, milango ya kuingilia na wa kutokea yote huwa wazi kwa pamoja. Sehemu ya mchanganyiko mpya hufuatana na moshi na kutoka nje kabla haijaungua. Petroli uliyoilipia kituoni hupita moja kwa moja hadi barabarani.

Ukielewa jambo hilo moja, umeelewa sehemu kubwa ya ufundi wa kuiongezea injini hii nguvu. Kazi ni kuingiza mchanganyiko mwingi zaidi, kisha kuuzuia usitoroke.

Tiba kabla ya mbwembwe

Kabla ya kununua kifaa chochote cha mbio, kuna nguvu iliyokwisha kulipiwa ambayo kiwanda hakikuifikisha.

Injini hizi hutengenezwa kwa bei ya chini na ukaguzi wake ni mdogo. Anayeifungua ikiwa mpya mara nyingi hukuta gasketi ya upande wa kabureta au ya upande wa moshi ina tundu dogo kuliko mlango wenyewe, imeziba sehemu ya njia kama pazia. Hukuta pia kingo zenye masalia ya chuma cha kusubu ndani ya njia za hewa.

Kuikata gasketi hiyo kwa wembe hadi ilingane na mlango, na kulainisha kingo kwa tupa ndogo na msasa, hakugharimu zaidi ya jioni moja. Plagi inayokuja na boksi hubadilishwa kwa ya NGK aina ya B6HS, na waya wake ukakazwa vizuri. Hayo ni madogo, na tusikae hapo.

Kubwa ni kuvuja kwa hewa. Boksi la kranki katika injini hii ni pampu. Ikiwa bomba la kabureta, sili ya kranki au gasketi ya chini ya silinda inavuta hewa kutoka nje, mchanganyiko hupungukiwa petroli. Na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, hupungukiwa oili vilevile.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba injini yenye ugonjwa huo huweza kukimbia vizuri kwa muda, pengine vizuri kuliko ilivyokuwa awali. Huzunguka kwa wepesi na mwenyewe hufurahi. Wakati huo joto linapanda, pistoni inatanuka na ukuta wa silinda unakauka. Kisha injini inanoki, na gurudumu la nyuma linakwama papo hapo isipokuwa mwendeshaji amewahi kubana klachi.

Kipimo chake ni kile kile cha fundi wa pancha. Mlango wa kabureta na wa moshi huzibwa, hewa yenye shinikizo dogo huingizwa ndani, kisha maji ya sabuni hupakwa katika maungio yote. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Anayeruka hatua hii na kukimbilia kununua bomba la mashindano anaijengea ghorofa nyumba isiyo na msingi.

Bomba lenye tumbo

Hapa mjini ipo imani kwamba chombo kinachopiga kelele zaidi kina nguvu zaidi, ndiyo maana vijana hutoboa au hung'oa silensa za pikipiki. Mmarekani mwenye baiskeli ya injini naye huanza hivyo hivyo: hukata kijibomba kilicho ndani ya silensa ili moshi utoke bila kizuizi.

Katika injini ya mipigo miwili, moshi kutoka bila kizuizi ni nusu tu ya kinachotakiwa. Bomba lililo wazi huuachia moshi uende, lakini huuachia pia mchanganyiko mpya uende nao. Kelele huongezeka sana, mbio huongezeka kidogo au haziongezeki kabisa.

Bomba linaloongeza nguvu kweli lina umbo la ajabu. Huanza jembamba, hutanuka taratibu kama tarumbeta, hufika penye tumbo pana, kisha hubana tena na kuishia katika kijibomba kidogo chenye silensa. Kwa macho, mwisho wake uliobanwa unaonekana kama kosa la kiwandani.

Siri yake ni mawimbi ya shinikizo. Mlango wa moshi unapofunguka, wimbi la shinikizo huondoka kwa kasi ya sauti, ambayo katika moshi wa moto ni karibu mita 500 kwa sekunde. Likifika mahali bomba linapotanuka, sehemu yake hurudi kinyumenyume kama mvuto, na mvuto huo hunyonya moshi uliobaki ndani ya silinda na kuuvuta mchanganyiko mpya upande juu.

Wimbi lililobaki husonga mbele hadi mahali bomba linapobana. Hapo hugonga na kurudi likiwa ni msukumo. Likipangwa vizuri, hufika mlangoni sekunde ile ile ambayo mchanganyiko mpya umeanza kutoroka, nalo huurudisha ndani kabla pistoni haijafunga mlango.

Aliyepanda daladala jioni ameliona jambo hilo. Abiria wawili wamebaki nusu nje nusu ndani, konda anawasukuma kwa bega, mlango unafungwa, gari linaondoka na watu wengi kuliko viti vyake.

Aliyeutumia ujuzi huu kwa mafanikio makubwa ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Hakuwa wa kwanza kulifunga bomba la namna hiyo, lakini alilichunguza kwa vipimo na uvumilivu hadi injini yake ya cc 125 ikatoa nguvu za farasi 25 mwaka 1961. Hizo ni nguvu za farasi 200 kwa kila lita moja ya ujazo, kiwango kilichowashangaza wahandisi wa wakati huo.

Mwaka huo huo, mwezi Septemba, dereva wake Ernst Degner alitoroka baada ya mashindano nchini Sweden, akaenda na ujuzi huo kwa Wajapani wa Suzuki. Mwaka 1962 alishinda ubingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na pikipiki ya Suzuki. Ni wizi wa kitaalamu ambao bado unazungumzwa kila wanapokutana wapenzi wa injini hizi.

Kwa fundi wa nyumbani, siri iliachwa wazi Mmarekani Gordon Jennings alipochapisha mwongozo wake wa kurekebisha injini za mipigo miwili mwaka 1973. Tangu hapo, mtu mwenye rula na kikokotoo anaweza kupiga hesabu ya bomba lake mwenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.01. Mlango wa moshi ukiwa wazi kwa nyuzi 160 kati ya 360, huwa wazi kwa sekunde 0.0044 hivi. Katika muda huo wimbi husafiri mita 2.2, yaani kwenda mita 1.1 na kurudi mita 1.1. Basi kutoka kwenye pistoni hadi penye mbano wa mwisho panatakiwa pawe na karibu mita 1.1 za bomba.

Ukitaka nguvu ipatikane kwenye mizunguko 9,000, urefu hupungua hadi karibu sentimita 75.

Hapo ndipo wanunuzi wanapokosea. Bomba fupi huuzwa kwa sifa ya mbio, nalo huzitoa kweli, lakini kwenye mizunguko ya juu tu. Chini ya hapo wimbi hurudi mapema mno, na badala ya kuurudisha mchanganyiko huuvuruga. Pikipiki ya mashindano yenye gia 6 humruhusu dereva abaki katika mizunguko ile ile wakati wote. Baiskeli yenye gia moja haina ruhusa hiyo. Lazima ianzie chini, ipande mlima, ipite katika foleni.

Kwa maoni ya mwandishi, bomba refu lenye kutanuka taratibu, lililopangwa kwa mizunguko 6,000 hivi, ndilo linalostahili fedha za mtu anayeitumia baiskeli yake kila siku. Bomba fupi waachiwe wanaoshindana uwanjani.

Kuchimba milango

Baada ya bomba, tupa. Mlango wa moshi ukiinuliwa, hufunguka mapema zaidi na kufungwa kwa kuchelewa, na injini hupata uwezo wa kuzunguka kwa kasi zaidi.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kiasi cha kutisha. Katika injini hii, kuuinua mlango kwa milimita 1 tu huongeza muda wake wa kuwa wazi kwa nyuzi 6 au zaidi. Aliyekata milimita 1 hawezi kuirudisha. Na kila kinachoongezwa juu hupunguzwa chini: injini hupoteza nguvu ya kuondokea na ya kupandia mlima.

Aidha, silinda nyingi za aina hii ni za aluminiamu iliyopakwa kromu kwa ndani. Tupa ikielekezwa vibaya, kromu hubanduka kandokando ya mlango kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ringi ya pistoni hunasa hapo, huvunjika, na vipande vyake hufanya kazi iliyobaki.

Kichwa cha silinda nacho huweza kubadilishwa kwa chenye chumba kidogo na mapezi makubwa ya kupoza. Mkandamizo ukiongezeka, nguvu huongezeka katika mizunguko yote, jambo ambalo bomba haliwezi. Wataalamu huacha mwanya wa karibu milimita 0.8 hadi 1 kati ya pistoni na ukingo wa kichwa ili mchanganyiko ubanwe na kuelekea kwenye plagi. Ukizidishwa mkandamizo, petroli hulipuka yenyewe kabla ya wakati. Husikika mgongo wa chuma kwa chuma, na pistoni huweza kutobolewa katikati.

Oili si adui

Yapo mazungumzo yasiyokwisha kuhusu kiwango cha oili. Watengenezaji wengi wa injini hizi husema sehemu 1 ya oili kwa sehemu 16 au 20 za petroli wakati injini ikiwa mpya, kisha sehemu 1 kwa 25. Kwa lita moja ya petroli, hiyo ni mililita 62, mililita 50 na mililita 40. Wanaotumia oili za kisasa hushuka hadi 1 kwa 32, yaani mililita 31.

Anayeongeza mbio hushawishika kupunguza oili ili moshi upungue na injini iwe nyepesi. Ni kosa. Beringi za kranki, konrodi na ukuta wa silinda havina mafuta mengine zaidi ya hayo yanayopita. Injini inayozungushwa kwa kasi zaidi huhitaji oili nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine linalopotosha. Oili ikiongezwa, petroli iliyomo katika kila tone hupungua, na kwa upande wa moto mchanganyiko huwa na hewa nyingi kuliko awali. Kwa hiyo anayebadili kiwango cha oili hana budi kuitazama upya jeti ya kabureta.

Vivyo hivyo kwa anayebadili bomba. Injini inayopumua zaidi huhitaji petroli zaidi, na jeti ya zamani haitoshi. Dalili iko kwenye plagi. Ikitolewa baada ya safari ya mwendo kamili na kukutwa na rangi ya kahawia, hali ni njema. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inaungua kwa njaa ya petroli na siku zake zinahesabika. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, petroli au oili imezidi. Hapo hasara ni moshi na plagi, si pistoni. Ndiyo maana mafundi wenye busara huanza na jeti kubwa na kushuka, hawaanzi na ndogo na kupanda.

Sproketi, dawa ya bei rahisi

Kuna anayetaka mbio barabarani tambarare na hana haja ya kufungua injini. Kwake jibu ni kuibadili sproketi ya nyuma kutoka meno 44 hadi 36. Mizunguko 5,000 iliyokuwa ikimpa kilomita 34 kwa saa sasa itampa 42, na injini haitakuwa imeguswa.

Gharama yake hulipwa kwenye mlima, ambako itambidi akanyage pedali. Anayeishi penye vilima hufanya kinyume: huiacha 44 au huweka kubwa zaidi, kisha hutafuta mizunguko kwa bomba.

Mizunguko nayo ina bei. Nguvu inayovuta pistoni na konrodi kila zinapogeuka juu na chini hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka mizunguko 6,000 hadi 9,000, nguvu hiyo huongezeka mara 2 na robo, katika kranki ambayo tangu kiwandani haikusawazishwa vizuri. Mtetemo hulegeza nati, hupasua vishikizo vya injini na, kwa muda, hupasua fremu.

Kinachokaa chini ya injini

Kwa uwiano wa kawaida, mizunguko 9,000 ni kilomita 62 kwa saa. Inafikika. Swali ni chombo gani kinachofika huko.

Sproketi ya nyuma katika maboksi mengi haikufungwa kwenye habu. Imebanwa kwenye spoku kwa vipande vya mpira na bolti 9. Spoku za baiskeli zilisukwa kwa ajili ya miguu ya binadamu, na bolti hizo zikikazwa kwa mashaka sproketi hukaa upande, cheni hucheza, na spoku hukatika moja baada ya nyingine.

Cheni ya injini hukazwa na kigurudumu kidogo kilichofungwa kwa bolti kwenye mkono wa fremu, karibu kabisa na spoku. Kishikizo hicho kikilegea, huzunguka kwenye mkono wa fremu na kuingia ndani ya spoku wakati baiskeli ikiwa katika mwendo. Gurudumu hufunga palepale. Miongoni mwa wanaoziendesha baiskeli hizi, hiyo ni ajali inayoogopwa kuliko injini kunoki. Wengi hukikaza kwa bolti inayopita ndani ya fremu yenyewe, au hukiondoa kabisa na kukata cheni kwa urefu kamili.

Kisha breki. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, mwendeshaji anayechukua sekunde 1 kushtuka, akiwa na breki za wastani kwenye lami kavu, husimama ndani ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 50 huhitaji takriban mita 38. Mwendo umezidi mara 2, umbali umekaribia mara 3. Na baiskeli nyingi zinazopendwa kwa kazi hii kule Marekani, zile zenye matairi manene, huja na breki moja tu ya kurudisha pedali nyuma. Cheni ya pedali ikitoka, hakuna breki.

Breki ya diski mbele, spoku nene, na sproketi iliyofungwa kwenye habu havimwongezei mtu hata kilomita 1 kwa saa, na pengine ndiyo sababu huja mwisho katika orodha za wanunuzi. Katika orodha ya mwandishi huyu vingekuja kabla ya bomba.

Sheria na moshi

Sheria za Marekani hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. California, kwa mfano, huitambua baiskeli ya injini kama chombo chenye pedali, chenye nguvu isiyofika farasi 4 na kisichoweza kupita maili 30 kwa saa, sawa na kilomita 48, kwenye tambarare. Anayefaulu kuiongeza mbio kupita hapo amejitengenezea pikipiki isiyosajiliwa, na akigonga mtu bima inaweza isimtambue.

Mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, EPA, iliziingiza pikipiki za chini ya cc 50 katika viwango vya moshi kuanzia matoleo ya mwaka 2006. Sababu ni ile ile petroli isiyoungua inayotoka na moshi. Katika miji ya Asia iliyokuwa imejaa bajaji za mipigo miwili jambo hilo lilikuwa la afya ya umma. Jiji la Dhaka, Bangladesh, liliziondoa barabarani mwishoni mwa mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003.

Bomba lililopangwa vizuri hupunguza petroli inayotoroka katika mizunguko yake, lakini haliimalizi. Kwa hiyo, kuanzia miaka ya 2010, wengi waliokuwa wakizifunga injini hizi wamehamia kwenye mota za umeme na betri za lithiamu, ambazo hazina plagi ya kusoma wala jeti ya kubadili.

Waliobaki na petroli huonekana bado katika barabara za vitongoji, bomba lenye tumbo likiwa limepinda chini ya fremu, na katika kimfuko nyuma ya kiti pana plagi ya akiba, spana namba 10, na kichupa cha oili kilichochorwa mistari ya mililita.